Kiongozi Hutangulia: Darsa ya Hudaibiya na Khabari za Mto Tana

Ndugu zetu Waislamu wa miji ya pwani, kila apandaye gari kutoka Mombasa au Malindi kwenda Lamu hupita Garsen, na wengi wetu hatuujui mji ule ila kwa kushuka na kunywa chai. Lakini pande zile zina khabari ambayo haitupasi kuisahau. Tarehe 22 Agosti 2012, mwezi wa Mfunguo Mosi ukiwa ndiyo kwanza umeandama na watu hawajamaliza kupeana mkono wa Idi, watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Kisha zikafuatana khabari za Chamwanamuma na Kilelengwani, na mwezi wa Disemba ikawa Kipao. Waliokufa walipita 100, na vijiji vya pande zote mbili vikachomwa. Miongoni mwa waliouana walikuwamo waliofunga Ramadhani ile ile na kuelekea kibla kimoja.

Katika darsa hii tunataka kutazama jambo moja tu: watu waliokwisha kuvunjika mioyo namna hiyo, kiongozi huwainuaje wakashika shughuli moja kwa pamoja?

Mwaka wa 6 wa Hijra, Mtume s.a.w. alitoka Madina pamoja na Masahaba wapatao 1,400 kwenda kufanya Umra. Makureshi wakawazuia Hudaibiya, na ukaandikwa mkataba ambao masharti yake yaliwachoma Masahaba nyoyo zao, hata Sayyidna Umar r.a. akauliza aliyoyauliza. Mkataba ulipokwisha, Mtume s.a.w. akawaamrisha wachinje wanyama wao na wanyoe vichwa. Hakuinuka mtu. Akasema hata mara tatu, na hakuinuka mtu. Na hawa, ndugu msomaji, hawakuwa wanafiki. Ni wale wale waliompa mkono chini ya mti. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama r.a. akamweleza yaliyompata. Bibi yule akampa shauri: atoke, asimsemeshe mtu yeyote, amchinje ngamia wake mwenyewe, kisha amwite kinyozi wake amnyoe. Akafanya hivyo. Masahaba walipomwona wakainuka wote, wakawa wanachinja na kunyoana, hata ikakaribia kuumizana kwa msongamano na huzuni.

Tuangalie vizuri. Kilichowazuia watu wale si kutojua amri, kwani waliisikia mara tatu. Walikuwa na uchungu, na mtu mwenye uchungu huongezewa maneno yakawa kama maji juu ya jiwe. Walipomwona mkubwa wao amekwisha kukitoa kilicho chake, hapakuwa tena na udhuru wa kukaa.

Sasa turudi mtoni. Tana huanzia Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ukaenda kiasi cha kilomita 1,000 mpaka baharini upande wa Kipini. Wapokomo, na miongoni mwao wamo Waislamu na Wakristo, hulima kandokando ya maji: mpunga, mahindi, migomba na maembe. Waorma na Wawardei ni wafugaji, na kiangazi kinapokaza huteremsha ng'ombe wao kutoka bara kavu kuja kwenye majani ya delta. Njia ya kuteremshia wanyama kwenda kunywa huitwa malka. Malka ikizibwa kwa shamba, ng'ombe hufa kwa kiu. Na ng'ombe wakiachiwa ovyo, jasho la mwaka huliwa kwa usiku mmoja. Kila mmoja ana haki, na kila mmoja ana kosa lake. Wapokomo wana baraza lao la wazee liitwalo Gasa, na Waorma wana lao liitwalo Matadeda. Mabaraza haya yana heshima kuliko afisa yeyote atokaye mbali.

Hapa ndipo penye mtihani. Ni jambo jepesi kwa mzee kusimama mbele ya watu wake akahesabu makosa ya wale wengine. Atashangiliwa, na atarudi nyumbani ameridhika. Lakini Mtume s.a.w. aliposema kwamba mtu amsaidie ndugu yake, awe amedhulumu au amedhulumiwa, akaulizwa atasaidiwaje aliyedhulumu, alijibu kuwa ni kwa kumzuia na dhuluma yake. Basi mzee wa wakulima ambaye shamba lake mwenyewe limeingia katika malka, na alirudishe nyuma yeye kwanza, mchana, watu wakiona. Na mzee wa wafugaji ambaye mifugo ya mwanawe imekula mahindi ya watu, na amtoe mwanawe na alipe kabla hajaja kudaiwa. Hivyo ndivyo kunyoa mbele ya watu. Ama mikutano ya hoteli, ambayo mtu huitwa akalipwa nauli na posho, hatusemi ni haramu, lakini hatujaona malka iliyofunguliwa kwa posho.

Wala si kweli kwamba watu wa delta hawawezi kushikana. Wakazi wake walikwenda Mahakama Kuu kudai kwamba ardhi na maji yao yasigawiwe miradi mikubwa bila ya wao kuulizwa, na mwanzoni mwa 2013, damu ya Kipao haijakauka, mahakama ikaamuru ufanywe mpango wa matumizi ya ardhi ambao wenyeji watashirikishwa. Mpango huo ulitolewa mwaka 2015, nao unataja mashamba, malisho na mapito ya mifugo. Karatasi imekwisha andikwa. Kilichobaki ni nani atakayeng'oa ua wake wa kwanza. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliwatoa makwao mkulima na mfugaji pamoja, wakatafuta mahali pa juu.

Neno moja tena. Shauri la Hudaibiya lilitoka kwa mwanamke, na Mtume s.a.w. hakuona haya kulifuata. Mtoni, anayeteka maji kila siku ni mwanamke wa Kipokomo na mwanamke wa Kiorma, nao hujua kabla ya wazee ni malka gani imeanza kuleta fitina. Ni wangapi kati yao wamepata kuulizwa?

Darsa ijayo, inshallah, tutasoma kisa cha Nabii Daudi na Nabii Suleimani a.s. walipohukumu juu ya shamba lililoingiliwa na kondoo wa watu usiku.