Tumbaku na Udongo Wake: Kwa Nini Biri za Nchi Mbalimbali Hazilingani Ladha

Mtu akinunua asali katika soko la Ishiara, kwanza huuliza imetoka wapi. Asali ya nyika, ambako nyuki hula maua ya migunga, haifanani na asali ya sehemu za baridi chini ya Mlima Kenya. Nyuki ni wale wale, lakini maua, udongo na mvua havilingani. Habari ya tumbaku ni kama hiyo. Mbegu moja ikipandwa katika nchi mbili huzaa majani yenye ladha mbili. Katika somo hili twataka kueleza sababu zake, na funzo gani mkulima wa Mbeere, Embu, Meru au Tharaka aweza kulipata kwa faida yake.

Biri ni nini?

Tusichanganye biri na sigara ya kawaida. Sigara ni tumbaku iliyokatwa vipande vyembamba na kuvikwa karatasi, na mara nyingi kiwandani hutiwa vitu vya kuigeuza ladha. Biri haina karatasi. Ni majani matupu: majani ya ndani, ambayo ndiyo mwili wake, jani la kuyafunga, na jani la nje, laini na zuri, ambalo ndilo vazi lake. Kwa kuwa hakuna kitu kingine cha kuficha aibu ya jani, aibu na sifa zote za shamba huonekana katika biri. Ndiyo maana wafanya biashara wa biri huuliza sana habari za udongo.

Nchi zenye sifa

Nchi iliyotangulia kwa sifa ni Kuba. Huko magharibi, katika mkoa wa Pinar del Río, iko sehemu iitwayo Vuelta Abajo, yenye udongo mwekundu wa kichangachanga usiotuamisha maji. Wajuzi husema biri ya huko ina ladha nzito kama ya kahawa na ngozi iliyotengenezwa vizuri, na harufu ya mti wa mwerezi. Mwaka 1962 Marekani ilipiga marufuku biashara na Kuba. Kabla na baada ya hapo watengenezaji wengi walihama, wakaenda kupanda mbegu za Kuba katika nchi za jirani. Hapo ndipo watu walipoona wazi kazi ya udongo, maana mbegu ilikuwa ile ile, lakini ladha haikuwa ile.

Tazameni Nikaragua. Katika bonde la Estelí udongo ni mweusi na mzito, uliotokana na moto wa volkeno, na tumbaku yake ni kali, yenye kuwasha ulimi kama pilipili manga. Lakini katika bonde la Jalapa, katika nchi hiyo hiyo karibu na mpaka wa Hondurasi, udongo ni mwekundu zaidi na jani ni la upole, lenye utamu kidogo. Biri za Jamhuri ya Dominika, zinazotoka bonde la Cibao, husifiwa kwa upole wake. Jani la San Andrés, katika nchi ya Meksiko, ni nene na jeusi, na watu hulifananisha na kakao. Lile la Bahia, katika Brazili, lina harufu nzuri na utamu.

Jua nalo lina kazi yake. Katika bonde la Connecticut, Marekani, wakulima wa jani la nje hutandaza vitambaa juu ya shamba zima ili kupunguza ukali wa jua. Jani hutoka jembamba, la rangi ya dhahabu, na ladha yake ni laini kama maziwa. Katika Ekwado kazi hiyo hufanywa na mawingu yenyewe, yanayokaa juu ya mashamba chini ya milima ya Andes.

Na Afrika yetu haikuachwa nyuma. Mashariki mwa Kameruni wakulima wadogo hulima jani la nje kutokana na mbegu iliyoletwa kutoka kisiwa cha Sumatra, katika Indonesia. Huko Sumatra jani hilo ni jembamba na la upole. Huko Kameruni limepata utamu na viungo, na ukilipapasa wahisi vipele vidogo vya mafuta. Jani hili limekwisha kuvikwa biri za bei kubwa sana duniani.

Mikono ya mkulima

Lakini udongo si yote. Nusu ya ladha hutoka katika mikono ya mkulima, na haya ndiyo mambo ya kuangaliwa:

1. Mahali pa jani katika mche. Majani ya chini ni membamba na mapole, nayo hushika moto vizuri. Ya katikati yana harufu. Ya juu, yaliyopata jua jingi, ni mazito na makali. Mwenye kuyachuma yote pamoja ameziharibu ladha zote tatu.

2. Kukata ua. Mche ukikatwa ua, nguvu iliyokuwa iende katika mbegu hurudi katika majani, nayo huwa mazito na makali zaidi.

3. Mbolea na maji. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, jani hukawia kuiva, likawa jeusi na chungu. Maji au udongo wenye chumvi nyingi hufanya jani lisishike moto vema.

4. Kukausha. Jani la biri huangikwa kivulini, katika nyumba ipitayo hewa, kwa wiki sita au zaidi. Likifa polepole hivyo, hula sukari yake lenyewe na kugeuka rangi ya udongo.

5. Kuvundika. Majani makavu hupangwa marundo makubwa, nayo hupata joto lenyewe, kama vile ndizi zinavyovundikwa ziive. Harufu kali hutoka, uchungu hupungua, na kazi hiyo yaweza kuchukua miezi mingi, pengine miaka.

Tumbaku ya kwetu

Watu wa Mbeere ni wakulima wa tumbaku tangu zamani. Wazee waliipanda kwa ugoro, wakaisaga na kuichanganya na magadi, nao waliiuza kwa jirani zao. Baadaye makampuni ya sigara yalileta kilimo cha mkataba: mkulima hupewa mbegu na mbolea kwa mkopo, na deni hukatwa siku ya kuuza.

Tumbaku ya sigara iitwayo Virginia hukaushwa kwa mvuke. Moto huwashwa nje ya bani, na joto hupitishwa ndani kwa bomba kwa muda wa siku tano au zaidi. Joto hilo huliua jani upesi kabla halijala sukari yake. Kwa hiyo hubaki la manjano na tamu. Huko Songea, Tanzania, ambako Chama cha Ushirika cha Wangoni na Wamatengo kilianzishwa mwaka 1936, tumbaku hukaushwa kwa moshi wenyewe, nayo hunuka moshi mpaka mwisho. Basi majani ya namna tatu, la hewa, la mvuke na la moshi, hayawezi kulingana hata kama yangetoka shamba moja.

Faida ya maarifa haya

Mkulima aliyekwisha kutia jasho mwaka mzima husimama mbele ya mtu anayelitaja jani lake daraja kwa neno moja tu, na neno hilo ndilo linaloamua kama deni litalipwa na watoto watapata karo. Asiyejua kwa nini jani ni la daraja la chini hana la kujibu. Lakini aliyepanga majani ya chini, ya kati na ya juu mbalimbali, akaandika siku ya kuchuma na siku za moto, aweza kuuliza na kujibiwa. Wala hana haja ya kuvuta ili kulijua jani. Na alitazame rangi, alinuse, alikunje mkononi aone kama ni laini au lavunjika.

Tena yafaa tuseme kweli yote. Kuni za bani humaliza miti, na nyika ya Mbeere haina miti ya kupoteza. Majani mabichi yenye umande yakishikwa kwa mikono mitupu huleta kizunguzungu na kutapika. Na moshi wa biri, hata usipovutwa mpaka mapafuni, huleta saratani ya kinywa na ya koo. Kenya ilitunga sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na tangu mwaka 2022 wakulima wengine wa Migori wamesaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini ya chuma.

Mwenye kuendelea na tumbaku, basi, na aendelee akijua thamani na madhara yake. Mwenye kuiacha hataipoteza elimu yake, maana macho yaliyozoea kuupima udongo, jua na siku ya kuvuna yatafaa vile vile kwa ndengu, kwa muguka na kwa asali. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye shamba na awe na daftari lake, na aanze kuliandika msimu huu.