Vyuma vya Mazoezi Nyumbani: Jinsi ya Kuvichagua na Kuviweka

Siku hizi si ajabu kumwona kijana, mjini au shambani, ametenga pembe ya ua au chumba kidogo ili auzoeze mwili wake kwa kunyanyua vyuma. Jambo hili ni jema. Lakini wengi hununua kwa kutazama mng'ao na bei tu, na wakishavileta vyuma nyumbani hawana mahali pa kuviweka. Fimbo hupinda upesi, na vyuma vizito huegemezwa ukutani pale pale wanapopita watoto. Somo letu la leo laonyesha mambo ya kuangaliwa kabla ya kutoa fedha.

Chombo chenyewe kina sehemu tatu. Ya kwanza ni fimbo ya chuma, ambayo hushikwa kwa mikono. Ya pili ni sahani, yaani vyuma vya mviringo vyenye tundu katikati, ambavyo huvikwa katika ncha mbili za fimbo. Ya tatu ni vibanio, ambavyo huzuia sahani zisichomoke.

FIMBO KWANZA

Ikiwa fedha zako ni chache, sehemu kubwa itumie katika fimbo. Sahani hata ikiwa kuukuu yafaa, mradi haina ufa na uzito wake ni wa haki. Lakini fimbo ndiyo inayouchukua mzigo wote juu ya kifua chako au kichwa chako.

Fimbo ya mashindano ya wanaume ina urefu wa mita 2.2 na uzito wa kilo 20, na mahali pa kushika pana unene wa milimita 28. Ile ya wanawake, ambao walianza kushindana katika mchezo huu kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, ina urefu wa mita 2.01, uzito wa kilo 15 na unene wa milimita 25. Ncha za fimbo zote mbili zina unene wa milimita 50, nazo huzunguka zenyewe. Kuzunguka huko si pambo. Mtu ainuapo mzigo kwa haraka, sahani hubaki nyuma kidogo, na fimbo isiyozunguka humtegua vifundo vya mikono.

Ziko pia fimbo nyembamba za bei nafuu, ambazo ncha zake ni za milimita 25 hadi 30. Zamfaa anayeanza kwa mzigo mdogo. Lakini sahani zake haziingii katika ncha ya milimita 50, na sahani zenye tundu kubwa hulegea katika ncha nyembamba. Kwa hiyo chagua kipimo kimoja tangu mwanzo, ili kila sahani utakayoongeza baadaye ipate kutumika. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kiwe kimoja.

Ukiwa dukani, fanya hivi. Iweke fimbo juu ya vigingi viwili vilivyo sawa, kisha izungushe polepole. Ncha zikipanda na kushuka, fimbo imepinda, usiinunue. Shika ule mchongo mkwaruzo wa mahali pa mikono. Ushike kiganja bila kuchana ngozi. Tena omba ipimwe katika mizani. Mkaaji wa Mombasa au Lamu, ambako hewa ina chumvi, aulize pia kama chuma kimepakwa kinga ya kutu.

SAHANI, NA MIKEBE YA SARUJI

Sahani nazo zipimwe mbili mbili, kwa maana upande mmoja ukizidi, mgongo ndio utakaolipa. Soma alama yake vema: sahani ya ratili 45 ni kama kilo 20.4, wala si sawa na ya kilo 20. Usizichanganye katika fimbo moja.

Vijana wengi hujitengenezea vyuma kwa kujaza saruji katika mikebe na kuunganisha miwili kwa bomba. Hakuna aibu katika jambo hilo, na wengi wamepata nguvu kwa njia hiyo. Ila mikebe yote miwili ipimwe kabla ya kutumiwa, saruji ichunguzwe kama ina nyufa, na bomba likianza kupinda liachwe siku hiyo hiyo.

MAHALI PA KUWEKA

Hesabu uzito ulio nao. Sahani nne za kilo 20, mbili za kilo 10, nne za kilo 5 na mbili za kilo 2.5 ni kilo 125. Gunia la mahindi ni kilo 90. Je, ungelisimamisha gunia kwa ncha ukutani, mtoto akicheza chini yake?

Kifaacho ni mti wa chuma wenye vigingi pande mbili, na kitako kipana kisichoyumba. Sahani nzito zikae chini kabisa, nyepesi juu, na pande zote mbili ziwe na uzito sawasawa. Usipigilie vigingi katika ukuta wa udongo. Asiye na fedha za mti huo azilaze sahani sakafuni pembeni, moja juu ya nyingine, kubwa ikiwa chini.

Fimbo nayo ivuliwe sahani kila jioni, ipanguswe jasho kwa kitambaa kikavu, ipakwe mafuta kidogo. Wakati wa kuivua ikiwa juu ya vigingi, toa sahani moja kulia, kisha moja kushoto, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukiumaliza upande mmoja kwanza, fimbo huinuka kama mizani iliyoelemewa, na kumpiga aliye karibu.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuongeza sahani nyingine, tazama kama zile ulizo nazo zina mahali pake. Nguvu uitafutayo ni kwa ajili ya nyumba yako. Isije ikawa hatari kwa walio ndani yake.