Umeme wa misuli nyumbani, mtaalamu akiwa mbali

Swali: Daktari, kaka yangu aliumia uti wa mgongo na miguu imepooza. Je, anaweza kutumia mashine ya kusisimua misuli kwa umeme nyumbani, mtaalamu akimwangalia kwa simu ya video?

Jibu: Anaweza, ila kwanza apimwe ana kwa ana. Umeme wa mashine hii huamsha neva, nayo neva ndiyo hukaza msuli. Neva itokayo kwenye uti hadi pajani ikiwa imekufa, mkondo wa kawaida hautafaa kitu. Ikiwa hai, msuli uliopooza hujengeka. Katika utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa 2005, wanaume 5 walinyooshwa miguu kwa umeme, uzito ukiwa kifundoni, mara 2 kwa wiki kwa wiki 12, na misuli ya mapaja ikanenepa kwa takriban theluthi. Ratiba nyepesi hivyo inafaa nyumbani, kwani safari za hospitali kwa kiti cha magurudumu huwakatisha wengi tamaa.

Lakini kamera itaona nini? Itaona vibandiko vilipowekwa na goti linavyonyooka, presha haitaiona. Aliyeumia kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu yake anaweza kupandwa na presha ghafla, kichwa kikamgonga na jasho likamtoka. Hapo mashine izimwe, aketishwe wima, kibofu kikaguliwe, msaada uitwe. Kwa hiyo awepo msaidizi mwenye kipima presha. Mifupa nayo hudhoofika, basi uzito uongezwe polepole. Kutembea asikutarajie, na akiacha, misuli itasinyaa tena.