Gesi ya Uchochoroni: Bei Poa, Hatari Kubwa

Hebu fikiria hali hii. Ni saa moja jioni, maharage hayajaiva na gesi imeisha. Mama anakupa hela na mtungi wa kilo 6. "Kimbia mwanangu, usichelewe." Duka la wakala liko mbali. Lakini nyuma ya soko yuko kaka mmoja anayejaza chapchap, tena kwa bei nafuu. Ukienda kwake, chenji inabaki mfukoni.

Utafanyaje? Usijibu sasa. Soma kwanza somo hili, halafu tutarudi kwa mama.

Ndani ya mtungi mna nini?

Gesi ya kupikia ni propeni na buteni. Zikigandamizwa zinakuwa kimiminika, kama maji. Ndiyo maana ukitikisa mtungi unasikia kitu kinachezacheza ndani. Kimiminika hicho kikitoka nje kinageuka gesi na kutanuka zaidi ya mara 200. Kwa hiyo kikombe kimoja kikimwagika, ni sawa na vikombe zaidi ya 200 vya gesi chumbani.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Hairuki juu kama moshi. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajikusanya kwenye mashimo na chini ya kitanda. Sasa jiulize: nyumbani kwenu nani analala mkekani?

Tena haihitaji kuwa nyingi. Ikifika kama sehemu 2 tu katika kila sehemu 100 za hewa, cheche moja inatosha kuilipua.

Kwa nini mtungi haujazwi pomoni?

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani mtungi uliojaa mpaka juu ni bahati. Sivyo! Kimiminika cha gesi kikipata joto hutanuka sana kuliko maji. Kwa hiyo huachwa nafasi juu yake, karibu sehemu 20 kwa 100. Nafasi hiyo ndiyo usalama wenyewe. Mtungi uliojazwa pomoni ukiachwa juani hauna pa kupumulia. Gesi itafyatuka kupitia vali ya usalama, au chuma chenyewe kitapasuka.

Huko Ulaya wapo watu wanaosafiri kwa magari yenye jiko na vitanda ndani. Baadhi yana tangi la gesi hiihii, linalojazwa kwenye kituo cha mafuta. Tangi hilo lina vali inayojifunga yenyewe gesi ikifika sehemu 80 kwa 100. Hata huko watu huonywa wasijaze kwenye pampu mtungi wa kawaida wa jikoni, kwa sababu mtungi huo hauna vali ya namna hiyo. Ni lazima ujazwe kiwandani, kwa mizani, na watu waliofundishwa.

Uchochoroni kunafanyika nini?

Mtungi mkubwa unapinduliwa kichwa chini, unaunganishwa na mdogo kwa mpira, na gesi inateremka. Mara nyingi mizani hakuna. Kila mpira unapochomolewa, gesi kidogo inamwagika na kutambaa chini. Jirani anakaanga chipsi, mteja anawasha sigara, bodaboda inapigwa stata. Cheche ngapi hizo?

Hata bila moto, gesi hiyo inaumiza. Propeni huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Ikikurukia mkononi inagandisha ngozi, na kidonda chake ni kama cha kuungua.

Usidhani tunakutisha bure. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, lori la gesi lililipuka katika eneo la kujazia gesi lililokuwa katikati ya makazi ya watu. Moto ulifika kwenye nyumba, magari na ghala la nguo. Watu kadhaa walikufa na zaidi ya 270 walijeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo hapo mara 3 mwaka 2023, mojawapo ya sababu ikiwa wingi wa watu wanaoishi karibu. Waliolala majumbani mwao usiku ule hawakuwa wamenunua gesi ya bei nafuu. Walikuwa majirani tu. Ndiyo maana wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao.

Je, wajua?

Gesi yenyewe haina harufu. Ule uvundo kama wa kitunguu kilichooza huongezwa makusudi ili pua ikuonye. Tarehe 18 Machi 1937, shule moja ya New London, Texas, Marekani, ililipuka kwa gesi asilia ambayo hakuna aliyeinusa. Walikufa karibu watu 300, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo sheria zikataka gesi itiwe harufu. Pua yako ni king'ora. Usiidharau.

Ukisikia harufu ya gesi

1. Usiwashe wala kuzima taa. Swichi hutoa cheche. Usiwashe kiberiti, usitumie simu humo ndani.
2. Funga vali ya mtungi kama unaifikia salama.
3. Fungua milango na madirisha, toa watoto, tokeni wote.
4. Mkiwa mbali, pigeni simu zimamoto: Tanzania 114, Kenya 999 au 112.

Ukitaka kujua panapovuja, paka povu la sabuni. Likitoa mapovu, ndipo hapo. Usipime kwa kiberiti hata siku moja!

Mtu akiungua

Nguo zikishika moto asikimbie. Alale chini abingirike. Kisha mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na saa kabla hajavimba. Nguo iliyogandia ngozi usiivute. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali.

Unaponunua, kagua

Nunua kwa wakala anayejulikana. Angalia lakiri haijakatwa, na mtungi hauna kutu kali wala kubonyea. Dai upimwe. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Tuseme ni kilo 7, gesi ni kilo 6, jumla kilo 13. Mizani ikisoma 11, umepunjwa. Ikisoma 15, usishangilie: umejazwa kupita kiasi, urudishe.

Turudi kwa mama

Gesi ni nzuri. Haitoi moshi mwingi kama kuni, na mapafu ya mama yanashukuru. Hatusemi muiache. Tunasema mtungi ubadilishwe pale panapostahili. Ukichelewa, mwambie tu: "Samahani mama, nimekwenda kwa wakala. Kule nyuma ya soko wanamimina kwa mpira." Atagomba kidogo, halafu atakuelewa. Maharage yanaweza kusubiri.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini gesi inayovuja ni hatari zaidi kwa mtu aliyelala sakafuni?
2. Mtungi mtupu una kilo 8 na gesi ni kilo 6. Mizani inasoma 16. Utafanya nini, na kwa nini?
3. Rafiki yako anafanya kibarua cha kujaza gesi uchochoroni ili apate ada. Utamshaurije?