Mwanga unaona nini chini ya ngozi?



Trimesta iliyopita mtoto mmoja wa mwaka wa pili alificha kidonda ku mguu siku ine. Mimi kapita nilimuangalia na tochi, nikaona ngozi ni nyeusi sawa kila siku, nikamwambia: hakuna kitu, lala. Asubuhi hakuweza kukanyaga chini. Infirmie aliweka mkono tu, akasema: mguu huu unawaka moto. Alipona, lakini mimi nilibaki na swali: kwa nini macho yangu hayakuona?

Katika somo la biolojia tunaandika alama ine za inflamasio, zile Mroma Celsus aliandika karibu miaka 2000 iliyopita: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Wekundu unatoka ku damu, maana fasi yenye mikrobe mishipa midogo inapanuka na damu inajaa. Lakini ku ngozi yetu sisi melanini inameza mwanga mwingi mbele haujafika ku damu. Basi ile alama ya kwanza ya kitabu inajificha.

Sasa mufanye jaribio. Usiku, finika tochi na vidole. Mwanga mweupe unaingia, mwekundu unatoka. Juu ya nini? Emoglobini ya damu inameza buluu na kijani, nyekundu inapita. Kupita nyekundu kuna mwanga ambao jicho haliuoni, infraruji. Kati ya nanometa 650 na 900 hivi, damu na maji vinameza kidogo. Wataalamu wanaita fasi ile dirisha. Mwanga wake unaweza kuingia sentimeta moja na zaidi ndani ya nyama.

Kwa dirisha hilo wanatumia rangi inayoitwa indosianini ya kijani, iliyokubaliwa Marekani katika 1959. Wanaitia ku mshipa, inashikamana na proteini za damu. Ukiimulika, inajibu kwa mwanga wake yenyewe, karibu nanometa 830, na kamera inaushika. Fasi yenye inflamasio mishipa inavuja, njo maana rangi inakusanyika pale. Ujerumani walitengeneza mashine ya kupiga picha ya mikono miwili kwa njia hii, kutafuta viungo vya vidole vyenye inflamasio. Lakini muangalie vizuri: picha inasema inflamasio iko, haisemi kama ni mikrobe ndiyo imeileta.

Kuna pia kamera ya joto. Hiyo haitumi mwanga wowote. Inapokea infraruji ambayo mwili wenyewe unatoa, ya mikrometa 10 hivi, na hapo ngozi nyeusi na nyeupe ni karibu sawasawa. Infirmie wetu hana kamera, lakini mkono wake ulitafuta kitu kile kile.

Basi mwenye kidonda aniamshe hata usiku. Tochi nitaiacha, nitaweka mgongo wa mkono ku miguu yote miwili, nilinganishe, na mguu ukiwa na moto tunaenda kwa infirmie saa ile ile.