Mtafiti wa jeni na lishe aanzie jikoni

Kijana anayetaka kutafiti jeni na lishe hukimbilia maabara. Mimi humshauri aanzie jikoni. Mashine za siku hizi husoma vinasaba kwa makosa machache mno, lakini ili kujua mtu alikula nini jana bado tunamuuliza, naye husahau, hupunguza, au hujibu ya kukupendeza. Tafiti nyingi huharibikia hapo.

Jifunze kwanza kuhoji ulaji wa saa 24. Dodoso la ugenini linalouliza vipande vya mkate liache hukohuko. Familia ikila sinia moja, usimuulize mtu alikula gramu ngapi. Pima ugali kabla na baada ya mlo, pima upawa wa nyumba ile unabeba kiasi gani, uliza nani alikula na nani, nani alichelewa. Mafuta watu huyasahau. Chumvi ndiyo ngumu kuliko vyote. Hupimwa vyema kwa mkojo wa saa 24, na kumshawishi mtu mzima atembee na chupa kutwa nzima kunataka subira.

Takwimu zifuate. Programu ya R ni ya bure, basi huna kisingizio. Lakini jihadhari: mambo mawili kwenda pamoja hakumaanishi moja limesababisha jingine. Waliokula vyakula vyenye beta-karotini kwa wingi walionekana kuugua saratani ya mapafu kwa uchache. Ufini ikafanya jaribio kwa wanaume wavuta sigara 29,133, sehemu yao wakapewa vidonge vya beta-karotini. Matokeo ya 1994: waliovimeza waliugua zaidi.

Hapo ndipo jeni zinaposaidia, kwa kuwa mtu huzirithi kabla hajachagua chakula. Watu wengi wa Asia Mashariki wana aina ya jeni ya ALDH2 inayowafanya wasiivumilie pombe, hivyo huinywa kidogo. Ukilinganisha shinikizo la damu lao na la wasio nayo, unaipima pombe yenyewe, bila kuichanganya sana na mwenendo wa mnywaji.

Swali lako lichague karibu na kwenu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, mwanajenetiki Sarah Tishkoff na wenzake waliwapima Watanzania, Wakenya na Wasudani 470, wakakuta uwezo wa kumeng'enya maziwa ukubwani unatokana na mabadiliko ya jeni tofauti na yale ya Wazungu. Kipimo cha Ulaya peke yake kingewakosa wafugaji wetu.

Kibali cha maadili kiombe mapema. Na unapoomba nafasi ya uzamili, ambatanisha ulaji wa kaya chache ulizopima mwenyewe.