Gogo la Mjini Lisiwe Kuni

Mwaka wa 2020, barabara ya juu ya Nairobi ilipoanza kujengwa, miti mingi ya kando ya njia ilikatwa. Mkuyu mmoja mkongwe wa Westlands uliachwa kwa amri ya Rais, lakini mingine mingi ilianguka. Mti ukianguka hauinuki tena. Hata hivyo mbao zake zaweza kudumu miaka mingi, kama wenye kuukata wanajua thamani yake.

Watu wengi hudhani kwamba mti wa mjini hufaa kuni na makaa tu. Sivyo. Mjakaranda uliotoka Amerika ya Kusini, na mwarubaini uliotoka Bara Hindi, ni miti inayopendwa na wachonga vinyago wa Kikamba, nayo hupunguza ukataji wa mpingo na muhugu msituni. Mwembe nao hutoa mbao nzuri za meza na viti.

Kwanza ni ruhusa. Mti wa barabarani si mali ya mpita njia. Yampasa fundi kupata kibali cha serikali ya kaunti kabla ya kuuchukua, na kuuliza Shirika la Huduma za Misitu la Kenya (KFS) juu ya kibali cha kusafirisha magogo.

Pili ni urefu. Mkataji akiukatakata mti vipande vya futi mbili, seremala hana kazi tena. Yafaa gogo liachwe na urefu wa futi nane au zaidi.

Tatu ni kuziba vichwa vya gogo. Maji hutoka vichwani upesi mara kumi au zaidi kuliko ubavuni. Hapo ndipo nyufa huanzia. Vichwa vipakwe rangi ya mafuta au nta iliyoyeyushwa siku ile ile ya kukatwa. Gogo lilazwe juu ya vipande vya miti, kivulini, lisiguse udongo wenye mchwa. Gogo la mwembe lisikawie kupasuliwa, maana ukungu hulitia madoa upesi.

Nne ni chuma. Miti ya mjini hupigiliwa misumari ya matangazo, kisha gamba huifunika. Doa jeusi lenye ubuluu kichwani mwa gogo mara nyingi ni dalili ya chuma ndani. Msumari mmoja waweza kuvunja meno ya msumeno na kumjeruhi mtu.

Mwisho ni kukausha. Mbao zipangwe chini ya paa penye upepo, na kila safu itengwe kwa vijiti vyenye unene mmoja, vilivyonyoka juu ya vingine. Kwa desturi ubao wa inchi moja huhitaji karibu mwaka mmoja. Asiyengoja atauza meza itakayopindika nyumbani mwa mnunuzi, na jina lake litapindika pamoja nayo.

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye gogo, ufa huo huanza siku ya kwanza.